Kitufe cha Kijani

Kemilembe mwanangu,

Umeondoka asubuhi kwenda Ijuganyondo kumuaga shangazi yako, na ninavyomjua shangazi yako, hakuachii mpaka akulishe mara mbili na kukufungia senene wa kukaanga wa kuwagawia watu ambao hata hujawajua bado. Kwa hiyo alasiri yote ni yangu. Nimekaa meza ya kulia, mlango wazi, begi lako jekundu limesimama ukutani, na nimechukua karatasi za mtihani zilizobaki tangu nilipostaafu. Usishangae ukiona zina sehemu ya kujaza jina na darasa.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji ya kunywa, wala za wanaume wa Morogoro. Hayo shangazi yako anakwambia sasa hivi, tena kwa sauti ya kuwafaidisha na majirani. Mimi nina jambo moja tu. Nimejaribu kulisema tangu Jumapili, na kila nikifungua mdomo linatoka jingine. Jana nilikuita, ukaitika "waitu" vizuri kama ulivyofundishwa, ukaja ukasimama mbele yangu, nami nikakuuliza kama umepiga pasi sare. Sare gani, na chuo hakina sare! Ukacheka, nami nikacheka, ukarudi jikoni.

Jambo lenyewe ni hili. Wiki ya tatu sasa naona damu kwenye mfuko wangu wa tumboni. Si ile ya pembeni, ya kwenye ngozi ninapojisafisha, ambayo tuliambiwa tusiiogope. Hii inatoka ndani. Na kila asubuhi simu iliponiuliza naendeleaje, nilibonyeza kitufe cha kijani.

Kaa, usiinuke. Najua umeshainuka. Rudi ukae, Kemi, usome mpaka mwisho, halafu uje unigombeze. Nitakuwa hapa hapa.

Ngoja nianze mbali kidogo. Mwalimu hawezi kueleza jambo bila kuanza mbali, na umenivumilia miaka yote hii, nivumilie na leo.

Unaikumbuka siku ya dripu ya mwisho ya saratani kule Mwanza? Manesi walipiga makofi, na yule mama wa kiti cha pili akapiga vigelegele huku mwenyewe ana sindano mkononi. Ukanipiga picha. Tulipofika nyumbani ikasomwa Misa ya shukrani, mbuzi akachinjwa, rubisi ikanywewa mpaka jioni, na paroko akasema Mwalimu Ishengoma amerudi kutoka kwa wafu, maneno ambayo hayakunifurahisha kwa sababu sikuwahi kufika huko. Watu wakala, wakaimba, wakanipa mkono, wakaenda zao. Na ikawa ndio mwisho.

Nilipokuwa naumwa nyumba hii ilijaa. Ndizi zililetwa mpaka tukawa tunawapa mbuzi. Kila aliyepita barabarani aliingia kusema pole. Baada ya ile sherehe hakuna aliyesema pole tena, na ya nini, wakati nimepona? Nikikutana na mtu njiani ananiambia, "Umenawiri, Ta Ishengoma!" na mimi nimeegemea baiskeli kwa sababu nyayo zinawaka moto, kumbukumbu niliyoachiwa na zile dripu. Nitakwambia aibu yangu. Nilizitamani zile dripu. Nilikikumbuka kile kiti, na nesi anayeuliza umelalaje, na ile foleni ya watu ambao hukuhitaji kuwaeleza kitu. Mtu mzima, na mvi zake, anaulilia ugonjwa wake! Nilijiona mpumbavu nikanyamaza. Nilikuwa mpweke, mwanangu, na wewe ulikuwa chumba cha pili unakunja nguo zangu.

Halafu huu mfuko. Wewe uliuzoea upesi. Ulijifunza kuubadilisha kwa siku mbili, ukawa unauongelea kama mtu anavyoongelea sufuria. Mimi kwangu ulikuwa unaongea. Kanisani, wakati wa mageuzo, watu wote kimya, ukanguruma, na mtoto wa benchi la mbele akageuka kunitazama. Tangu siku hiyo unajua kwamba nasali Misa ya kwanza. Ulimwambia hata shangazi yako kwamba baba amekuwa mcha Mungu. Sikuwa nasali, Kemi. Nilikuwa natembea mpaka karibu na kanisa, nakaa nyuma ya ukuta wa shule mpaka watu watoke, najichanganya nao, narudi nao. Umenipikia chai ya baada ya Misa Jumapili sijui ngapi, za Misa ambazo sikuingia. Nisamehe hiyo chai.

Ndipo ukaja na mambo ya simu. Hospitali walikueleza kwamba wana programu kwa waliomaliza matibabu, ili mtu asikae nyumbani akisubiri kliniki ya miezi mitatu kama hakuna kinachoweza kutokea katikati. Ukaniwekea, ukakaa nami nusu siku kunielekeza, na mimi nikijifanya sielewi ili usiondoke mezani. Saa moja asubuhi ikalia. Sauti ya mwanamke, Kiswahili cha redioni: "Habari za asubuhi, Ishengoma. Unaendeleaje leo?" Ebo! Ishengoma! Nimefundisha nusu ya tarafa hii, watu wenye wajukuu wananiita Mwalimu, halafu kisimu kinaniita kana kwamba tulichunga mbuzi pamoja. Ulicheka mpaka ukakaa sakafuni. Kisha zikatokea zile sura tatu, ya kijani inacheka, ya njano imenuna, nyekundu inalia. Ukaniambia, "Baba, unabonyeza jinsi unavyojisikia. Jibu linaenda kwa nesi Adventina kule Mwanza. Ukibonyeza nyekundu na mimi napata ujumbe, kwa sababu mimi ndiye mtu wako wa karibu."

Nilibonyeza kijani. Je, nilikuwa mzima siku ile? Wapi! Nilikuwa nimelala saa mbili tu. Lakini nimeulizwa habari za asubuhi, nifanyeje?

Hapa nisikilize, maana kosa langu limekaa hapa. Sisi watu wa huku hatujibu salamu kwa matatizo. Mgeni akifika, mnaulizana na kujibizana, nyumbani wazima, watoto wazima, ng'ombe wazima, kibanja kizima na migomba yake yote. Anakaribishwa, anakaa. Zinaletwa kahawa za kutafuna. Mnatafuna, mnaongelea mvua. Ndipo mmoja anashusha pumzi anasema, "Sasa, habari zenyewe," na hapo unasikia kwamba ng'ombe amekufa na mke amerudi kwao. Nikiwa mdogo nilimwona mtu amekuja kumpa babu yako habari ya msiba wa ndugu yake. Walisalimiana mlangoni, nzuri, nzuri, wazima, wazima, wakakaa, wakatafuna, na kahawa zilikuwa zimebaki tatu kwenye kisahani ndipo mtu akasema kilichomleta. Hakuna aliyedanganya pale. Jibu la kwanza ni la heshima, la pili ndilo lenye habari.

Basi mimi nikabonyeza kijani, nikakaa nasubiri iulize tena. Usicheke. Nilikaa na simu gotini, nimeshapanga na maneno: nitaanza na nyayo, nitakuja kwenye usingizi, nitamalizia na kanisa. Ikasema, "Asante. Uwe na siku njema," ikajizima. Lo! Nikasema huyu mgeni wa namna gani, hajakaa, hajatafuna hata punje, ameshaaga! Nikaifungia kwenye kabati la vyombo. Kesho yake ikauliza vilevile, nikajibu vilevile, ikaaga vilevile. Miezi saba. Kwa mujibu wa ile simu, mimi ndiye mtu mzima kuliko wote mkoa wa Kagera. Nesi Adventina alifika mahali akanisifu mbele ya wagonjwa wenzangu, akasema Mwalimu ni mfano kwetu.

Nisiwe mkorofi kwa kila kitu, ile simu ilinipa jambo moja jema. Lile kundi la kutumiana sauti, la watu waliomaliza matibabu. Mimi sikusema neno humo. Nilikuwa naingia nalo kibanjani, naliacha liongee mfukoni huku natoa majani makavu kwenye migomba. Wanawake wanaongea, mmoja mkono umevimba, mwingine mume hamsogelei. Siku moja ikaingia sauti ya mwanaume: "Jamani, mimi naitwa fundi Swaibu, nashona nguo Bukoba mjini. Nina mfuko wa choo tumboni, na leo umenifungukia msikitini, nikiwa nimeinama." Halafu nikasikia anacheka mwenyewe, kicheko cha mtu ambaye ameshalia nyumbani.

Niliweka panga chini. Mwanangu, tangu nikatwe utumbo sikuwa nimewahi kusikia mwanaume mwingine akilitaja jambo hilo kwa mdomo wake. Nilirudia ile sauti mara nne. Akaendelea kusema kwamba ameshona mkanda wa pamba wenye mfuko kwa ndani, unaushika vizuri, na mlio hausikiki sana, na kama kuna wanaume wengine, waje awapime kiuno. Unakumbuka siku niliyokwenda mjini kutafuta dawa ya minyoo ya mbuzi nikarudi bila dawa? Sikwenda kutafuta dawa. Nilimtafuta Swaibu. Nilifika nikasimama mlangoni kwake na koti langu, mkono ubavuni, akanitazama mara moja tu akasema, "Karibu, umekuja kupimwa." Nikakaa. Habari za Muleba? Nzuri. Nyumbani? Nzuri. Akaendelea kushona pindo la suruali ya mtu mpaka mwisho, akakata uzi, akasema, "Haya Mwalimu, na wewe mwenyewe?" Nilizungumza mpaka adhana ya alasiri. Alipokwenda kuswali alinikabidhi duka, na mimi nikakaa humo peke yangu nikilia kama mtoto aliyepotea sokoni.

Ule mkanda mweusi uliouona kwenye kamba ya nguo ukadhani shangazi yako ameusahau, ni wangu. Na siku hizi kanisani naingia kweli.

Sasa nije kwa mama yako. Sijawahi kukueleza haya, na si kwa sababu ulikuwa mdogo. Ulikua, na bado sikukueleza.

Wewe unajua kwamba mama alianguka ghafla kibanjani akitandaza majani. Kila mtu anajua hivyo kwa sababu ndivyo nilivyowaambia. Haikuwa ghafla. Mwaka ule mzima nilikuwa mwalimu mkuu, natoka saa kumi na mbili na nusu, na kila asubuhi nikiwa nimeshavaa kofia, mkono mmoja kwenye usukani wa baiskeli, nilimuuliza kutokea mlangoni, "Umelalaje, Ma Kemi?" Anajibu, "Vizuri." Nasema, "Haya." Natoka. Kila asubuhi. Na nilikuwa naona. Niliona ameongeza mto wa pili kitandani, kisha wa tatu, mpaka akawa analala amekaa. Niliona viatu vya Jumapili havimwingii. Usiku nilimsikia akivuta pumzi kama amepanda kilima. Nilikuwa naona, nikawa nauliza, naye akawa anajibu, na mimi nikawa nimetimiza wajibu.

Hospitalini daktari kijana aliniambia moyo ulikuwa umevimba siku nyingi, akauliza alikuwa analalamika nini. Nikamwambia hakuwa analalamika, kila siku alisema yuko vizuri. Yule kijana aliendelea kuandika. Mama yako alikuwa Mhaya kama mimi, Kemi, alinipa jibu la kwanza, akangoja nikae chini nimuulize la pili. Sikukaa. Nilikuwa na kengele ya kupiga shuleni.

Ungedhani mtu akishapata pigo hilo anajifunza. Mimi nilipoanza kuumwa tumbo, nikawaambia watu wote ni bawasiri. Miezi minane nakula dawa za kienyeji na kusema nzuri, nzuri. Daktari aliponikata alisema ningekuja mapema nisingehitaji mfuko. Hilo nalo sikukwambia. Umetumia mwaka mzima kunisafisha kwa sababu ya miezi minane ya adabu.

Na mwaka huo haukuwa wangu. Ulikuwa umeshaitwa chuo. Ulikuwa umeshanunua ndoo. Ulipiga simu chuoni ukiwa umesimama pale kwenye mibuni, nilikuona kupitia dirishani, ukaahirisha, ukarudi ndani ukaniambia umegundua kwamba upimaji ardhi unaweza kusubiri, ardhi haiendi popote. Nilicheka kwa sababu ulitaka nicheke. Safari hii wameandika wazi kwamba nafasi haiahirishwi mara ya pili. Nimeisoma ile barua mara nyingi kuliko wewe.

Ndiyo maana damu ilipotokea, wiki ile ile barua ilipofika, nilipiga hesabu yangu upesi. Nikibonyeza nyekundu, Kemi anapata ujumbe. Akipata ujumbe, anafungua begi. Basi nitabonyeza kijani mpaka basi lipite Muleba, na siku ya pili yake nitabonyeza nyekundu. Nilijiona shujaa kweli kweli. Nilikuwa natembea humu ndani kifua mbele, baba anayejitoa kwa ajili ya mwanawe. Nilijionea hata huruma kidogo, na huruma hiyo ilikuwa tamu.

Halafu ikaja Jumapili. Nilikuwa kitandani bado. Ulipita mlangoni kwangu na ndoo ya maji, hukusimama, ukageuza kichwa tu ukasema, "Umeamkaje, baba?" Nikasema, "Vizuri." Ukasema, "Haya." Ukaenda na ndoo yako.

Maskini mwanangu, hukukosea kitu. Mikono ilikuwa imejaa na uliuliza vizuri. Lakini mimi nililala pale nikasikia sauti yangu mwenyewe mlangoni, na kitandani nikasikia ya mama yako. Nikahesabu nikaona kwamba kama damu hii ni kitu kibaya, siku moja utakuwa mtu mzima, una wanao, na utabaki unakumbuka ile ndoo. Utajiuliza kwa nini hukuiweka chini. Mimi nimeishi na ile kofia miaka kumi na mmoja sasa, sitaki uishi na ndoo.

Kwa hiyo leo ulipotoka tu nilitoa simu. Nikampigia Swaibu kwanza, nikamwambia naomba anielekeze jinsi ya kubadilisha jina la mtu wa karibu. Akauliza kwa nini, nikamwambia. Akasema, "Mwalimu, wewe ni mpumbavu, na mimi nina mashati sita ya kushona, lakini bonyeza pale penye picha ya mtu." Tulihangaika karibu saa nzima. Jina lako nimelitoa nikaweka lake. Sikulitoa ili nikufiche, maana nakuandikia. Nilitaka habari hii uipate kwangu, si kwa mlio wa simu ukiwa mezani kwa shangazi yako na tonge mdomoni. Na nilitaka ukiwa darasani Morogoro simu yako ikae kimya kama za wanafunzi wengine.

Kisha nikabonyeza nyekundu.

Kumbe, Kemi! Haikuaga. Iliuliza ni wapi panaposumbua. Nikaonyesha. Ikauliza tangu lini, rangi gani, maumivu yapo, unakula, unalala. Ikauliza kama ninaishi na mtu. Mwisho kabisa ikauliza, "Je, kuna jambo lingine ungependa tulijue?" Nilibaki nimeishika. Miezi saba nimeinunia kwamba haijui kukaa, kumbe ilikuwa na maswali yote hayo, ila humkalia tu yule anayesema kwamba hayuko vizuri. Kwa hilo la mwisho nikaandika, "Naogopa." Neno moja, na lilinichukua muda mrefu kuliko barua hii yote.

Nesi Adventina alipiga hata chai haijapoa. Nikamweleza. Akasema, "Mwalimu, wiki tatu! Kwa nini?" Nikamwambia, "Nilidhani mtauliza tena." Akasema pole. Nilikuwa sijaambiwa pole siku nyingi sana. Amesema inaweza kuwa kidonda tu cha ndani, na inaweza kuwa ule ugonjwa umerudi, na hatanidanganya kwamba si kitu. Alhamisi niwe Mwanza, wataingiza kamera waangalie. Swaibu anafunga duka anakwenda nami. Anasema amechoka kunishonea, sasa anisindikize.

Hayo ndiyo yaliyopo. Sina mengine niliyoficha, labda lile la mbuzi mweupe, nilimuuza, hakuibwa.

Nilikuwa nimepanga kuitia barua hii ndani ya begi, chini ya mashuka, uikute ukiwa umeshafika. Nimebadili mawazo. Huko kungekuwa ni kijani kingine. Nitakupa mkononi leo tukimaliza kula, na nitakaa kwenye kiti hiki ukisoma, sitatoka kwenda kuangalia mbuzi.

Huko uendako watakuuliza "mambo" mara arobaini kwa siku, nawe utajibu "poa." Jibu tu, ni salamu, na salamu ni kitu kizuri, sikuambii uanze kuwamwagia watu maradhi yako barabarani. Lakini utapata siku mbaya. Nilikwenda chuo Tabora nikiwa na umri wako, nilikaa miezi miwili nikilia chooni kwa sababu ndiko mlango ulikofungika, na barua zangu zote kwa mama yangu zilisema mimi mzima. Nawe ukinipigia Jumapili ukasema uko vizuri, nitashukuru, halafu nitanyamaza na simu sikioni. Usidhani mtandao umekatika. Nitakuwa nimekaa.

Sasa la mwisho, na hili ndilo limenifanya nichukue karatasi badala ya kuongea, kwa sababu mdomoni lingetoka limevaa nguo za kanisani.

Nataka ubaki, Kemi. Naogopa ile kamera, naogopa nyumba hii ikiwa na sahani moja mezani, naogopa kurudi kutoka Mwanza na habari yoyote ile, nzuri au mbaya, nisikute mtu wa kumwambia. Kama ungeniuliza sasa hivi, kwa dhati, mara ya ngapi sijui, jibu langu lingekuwa hilo: baki na mimi.

Umeuliza, nimekujibu. Na sasa kwa kuwa umelisikia, usilifuate. Kesho saa moja basi linapita. Begi nitalibeba mimi mpaka barabarani, usinibishie, upande huu wa kulia hauna mfuko.

Baba yako, ambaye hayuko vizuri, na anakuomba uende.